Meza ya Dirisha

Kati ya Mlima Elgon na Ziwa Victoria hakuna mtu anayeijua bahari kunishinda mimi, Mukhisa. Samaki wakipotea njia huja kuniuliza.

Hayo niliyasema mbele ya ukumbi mzima, maikrofoni mkononi, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo shida zangu zilipoanzia. Watu wa Kitale wangecheka siku ile, leo ningekuwa na usingizi wangu.

Kama gazeti la wiki jana lilifungia mtu mandazi kabla hujalisoma, sikiliza haraka. Nilitoka Bungoma nikaingia Kitale bila kazi. Wakhungu, mwenye ukumbi wa video pale mtaa wa Kipsongo, akanipa maikrofoni niwe natangazia watu michezo kwa lugha wanayoielewa. Mpira ulipoenda likizo tukabaki na kitu kimoja cha kuonyesha: mashindano ya dunia ya kupanda mawimbi. Mtu anasimama juu ya ubao, bahari inamkimbiza, majaji wanampa alama. Msimu ulianza Australia, ukapita Ureno, ukashuka Brazili, ukafika Tahiti, na sasa watu wanangoja fainali ya Hawaii. Kila raundi naipakua kwa simu, Jumamosi mchana nazima sauti ya watangazaji wa Kiingereza, natia yangu.

Kipsongo ikashikwa wazimu. Mbrazili mmoja mwenye kifua tukamwita Simiyu. Mwaustralia mwenye miguu mirefu tukamwita Rotich. Watu waligombana juu ya Simiyu na Rotich hadi benchi za Wakhungu zikaanza kukosa miguu.

Ili wasiniulize maswali, nikawaambia niliwahi kuishi Watamu, kule pwani, nikafunzwa mawimbi na mtu anaitwa Kapteni Shee. Kapteni huyo nilimwumba mwenyewe. Jina nililisoma kwenye gunia la mchele.

Ukweli nyinyi wasomaji mnaujua. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Wakati ninaosema nilikuwa Watamu nilikuwa Kibabii, kule kwetu Bungoma, nyuma ya chuo kikuu, nikibeba sahani kwenye hoteli ya mama anaitwa Nabwile. Nabwile hukaa karibu na mlango, anapaza oda kwa sauti ya kuamsha mochari: "Moja kubwa, moto, meza ya dirisha." Na wewe uliye jikoni lazima ujibu: "Inakuja, mama." Usipojibu, mwiko unapaa. Niliitikia hivyo asubuhi hadi jioni, mpaka nikawa naitikia hata usingizini.

Siku moja nikamwambia nimefiwa na mjomba. Nikaondoka na aproni yake. Sikurudi.

Sasa Kitale, Simiyu alipopanda wimbi lake la kwanza la maana nami sina neno la kusema, mdomo ukajitafutia wenyewe: "Moja kubwa, moto, meza ya dirisha." Ukumbi ukalipuka. Wakadhani ndivyo mabaharia wanavyoongea. Mimi ni nani niwakatalie?

Aliyelipuka kuliko wote ni Kipketer, kijana wa Mzee Bethwel mwenye stoo ya mahindi. Wiki jana nilikuacha pale aliposimama juu ya benchi akatangaza kwamba haendi tena chuo cha ufundi alikotafutiwa nafasi na babake. Anaenda Watamu. Kwa Kapteni Shee.

Na Kipketer hajui kuogelea.

*

Jumamosi iliyofuata dada yake akaja.

Ukumbi wa Wakhungu hauna mlango, una blanketi la kijivu limetundikwa penye mlango ungekuwa. Jerono alilifunua, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya picha. Simiyu akawa anateleza juu ya sweta yake.

"Madam, toka hapo mbele," mtu akasema.

"Nani hapa anaitwa Mukhisa?"

Vidole vyote vikanielekea. Kipsongo hawakufichi hata kidogo.

"Niaje, dadangu. Karibu kiti."

"Mimi si dadako. Ni wewe unapeleka ndugu yangu baharini?"

"Anajipeleka. Mimi ni kumwonyesha njia tu."

"Nilikuwa hapo nje nikikusikia. Ati meza ya dirisha. Hiyo meza ya dirisha ni nini?"

Shingo zote zikarefuka. Kumbe hata wao walikuwa wanataka kujua, ni vile kila mtu aliogopa kuonekana mshamba.

"Wimbi likiinuka," nikasema polepole, kama mwalimu mkuu, "lina chini, lina katikati, na lina pale juu kabisa karibu na povu, mahali mtu anaona mbali. Hapo sisi watu wa pwani tunapaita meza ya dirisha."

"Na moja kubwa?"

"Ni wimbi lenyewe."

"Na moto?"

"Moto ni... moto ni kasi."

Kipketer alikuwa anatikisa kichwa kwa kila jibu kama mtu aliye kanisani.

"Huyu unayemwona," Jerono akasema, akimwonyesha ndugu yake bila kumtazama, "alitumbukia kwenye bwawa la ng'ombe akiwa mdogo, tukamtoa kwa kamba. Hadi leo akioga anashika ukuta. Akifa huko kwenu pwani, mimi sitaenda polisi. Nitakuja hapa, na nitakuja na jembe."

"Unaniaibisha, bana," Kipketer akasema.

"Aibu utaiona ukiletwa umefura."

Watu wakaanza kumzomea. Tunakosa raundi, mtoeni, rudi shule. Maganda ya njugu yakamwangukia kwenye nywele. Hakuyapangusa. Alitoa simu, akainyanyua.

"Basi endelea. Sema tena hiyo ya dirisha, niisikie vizuri."

Mtu mwenye akili angekohoa. Mimi nilisogeza maikrofoni karibu na mdomo, nikaipaza hadi mabati yakaitikia.

"Asante," Jerono akasema. "Wenzangu huko chuo Kibabii watafurahi kuisikia."

Akatoka. Nikazima maikrofoni kabla mdomo haujaongeza neno.

*

Jumatatu Mzee Bethwel alinitumia vijana wake wawili wa kubeba magunia. Hawakuniambia naitwa. Walinishika makwapa, nikasafiri miguu ikiwa hewani.

Stoo yake ilikuwa na mahindi ya msimu huu, hayajatiwa kwenye magunia bado, rundo moja limepanda hadi karibu na paa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia magotini.

"Kijana," akasema, "jana nimetoka kanisa nikaenda jikoni nikule. Nikapata jikoni haina mlango. Mbuzi iko ndani, inakula ugali yangu, inaniangalia. Mlango ilienda wapi?"

"Sijui, mzee."

"Iko hapo."

Kipketer alikuwa amesimama pembeni, ameukumbatia mlango wa jikoni wa mamake. Ameupiga msasa, ameupaka mafuta ya kupikia hadi unang'aa. Bawaba bado zilikuwa zinaning'inia.

"Ndio ubao wangu, kocha," akasema. "Bado kuuchonga tu."

"Wewe nyamaza," Mzee Bethwel akamwambia, macho bado kwangu. "Mimi sijui bahari. Najua mahindi. Hiyo rundo si imeinuka kama hiyo wimbi yenu? Panda nayo mlango, ushuke ukiwa umesimama. Ukianguka, utabeba huo mlango kwa mgongo hadi kwangu, uufunge pale ulitoka, halafu Kitale isikuone tena. Na huyu ataenda chuo."

Ndugu msomaji, nikaona mbingu zimefunguka. Kuanguka tu? Nianguke, nifukuzwe, Kipketer abaki hai, na mimi sijakubali uongo hata mmoja. Sijawahi kutamani kuanguka hivyo tangu nizaliwe.

Nikapanda hadi juu. Nikauweka mlango. Nikasimama, nikafumba macho, nikalegeza magoti ili nidondoke vizuri.

Mlango ukaondoka. Kidole gumba cha mguu kikazama kwenye tundu la kitasa, kikakwama. Nikajaribu kuanguka kushoto, kidole kikakataa. Nikajaribu kulia, kikakataa. Nilishuka rundo lile zima nimesimama wima kama mshumaa, nikatua mbele ya kigoda cha Mzee Bethwel, mahindi yakinimiminikia miguuni kwa heshima.

"Meza ya dirisha," mmoja wa wale wabeba magunia akanong'ona.

Mzee alivaa kofia, akaivua tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyedaiwa na asiyempenda, na deni likatokea ni la kweli.

"Kumbe," akasema. Kisha, kwa shida, "Basi aende."

Nilichomoa kidole tu, Kipketer alishanyakua mlango. Alipanda mbio. Alifika katikati ya kushuka, mlango ukaenda kwao na yeye akaenda kwake, kichwa mbele, mahindi yakafunga juu yake.

Tukacheka. Miguu yake ilikuwa nje inapiga teke, ikawa ni kichekesho.

Halafu miguu ikaacha kupiga.

Tulichimba kwa mikono, na mahindi ukiyatoa hapa yanarudi pale. Mzee Bethwel alichimba kwa kofia yake. Tulipomvuta, midomo ilikuwa imebadilika rangi na punje ziko kwenye pua na masikio. Alikohoa, akatema mahindi, akafungua macho, akatabasamu.

"Umeona, kocha? Nimekaa chini muda mrefu."

"Kipketer, ulikuwa unakufa."

"Si ulisema wimbi likikuficha unatulia tu, mpaka likuachilie?"

Nilisema. Ilikuwa Jumamosi ya Ureno, nikiwa nimeshiba.

Mzee alikuwa anampangusa kijana wake uso kwa kiganja. Alimtoa punje masikioni moja moja, na alipoona namtazama akazitia mfukoni.

"Huyo Kapteni yako anajua kutoa mtu akizama?"

"Anajua, mzee."

"Nimekupatia huyu mmoja. Sina mwingine wa kiume. Akirudi kwa jeneza, nitakuchimbia lako kando yake, na sitangoja ufe kwanza."

*

Pale pale ningesema ukweli. Mdomo nilikuwa nao, wasikilizaji walikuwepo. Badala yake nilirudi Kipsongo nikamuua Kapteni Shee.

Niliona ni akili nyingi. Kapteni akifa, hakuna wa kumpokea Kipketer. Hakuna wa kumpokea, hakuna safari. Na nikimuua vibaya, kwa maji, mtoto wa watu ataogopa bahari maisha yake yote.

"Kaka, kaa chini," nilimwambia kesho yake, kwenye ukumbi, mbele ya Wakhungu. "Nimepigiwa simu kutoka Watamu. Kapteni ametuacha."

"Ametuacha akaenda wapi?"

"Amekufa, Kipketer. Bahari imemmeza. Yeye, na ujuzi wake wote ule. Sasa fikiria mtu kama wewe."

Kipketer akauliza swali ambalo sikuliona likija.

"Mwili umepatikana?"

Nikafikiria jibu la kutisha zaidi. "Hata kidole hakijapatikana."

Lo, Mukhisa. Nilisahau niko nchi gani. Huku kwetu, kuanzia Bungoma hadi kule juu mlimani, mtu akichukuliwa na maji hakuna anayelala kwake. Kijiji kizima kinahamia kando ya mto, wanakoka moto, wanapika hapo hapo, vijana wanaingia na kamba, na hakuna anayerudi nyumbani hadi mtu wenu atoke. Kumwacha mtu ndani ya maji ni kitu hakisemwi.

Mimi nilikuwa nimekisema.

"Hawezi kubaki huko," Kipketer akasema, machozi yakimtoka. "Mimi nina ubao. Nitaingia nimtafute."

Wakhungu akazima picha kwa heshima. Kufikia jioni palikuwa na kamati. Wakhungu mwenyekiti. Mtu akatoa kamba za kufungia ng'ombe. Mwingine akatoa jogoo. Mzee Bethwel akasema mtu aliyekubali kumpokea mtoto wake hawezi kuliliwa na watu wa pwani peke yao, akatoa magunia ya mahindi na lori la kwenda nayo. Watu ambao hawajawahi kuvuka Eldoret walikuwa wanaulizana kama Watamu kuna baridi.

Nilijaribu kumfufua. Nilimwambia Wakhungu pengine ile simu ilikosea.

"Mwana wefwe," akaniita mtoto wa kwetu, akinishika bega, "tunaelewa. Mwanzo huwa ni kukataa."

*

Jumapili baada ya kanisa ukumbi ulijaa kuliko siku ya Tahiti. Watu walikuwa na nguo zao za ibada. Akina mama walikuwa wameshaanza kulia, wakisubiri tu waambiwe kwa nini. Mimi niliwekwa mbele, kwenye kiti chenye mto, kiti cha mfiwa. Kipketer alikaa mkabala nami, mlango wa mamake umeegemea goti lake.

Jerono sikumwona. Nikapumua.

"Kesho asubuhi tunaondoka," Wakhungu akatangaza. "Lakini kwanza Mukhisa atuambie marehemu alikuwa mtu wa namna gani."

Nikasimama. "Marehemu alikuwa mtu wa watu," nikasema, na mama mmoja akapiga yowe. Nikaona hapo hapo nijaribu kuokoa jahazi. "Na kama angekuwa hapa, angemwambia Kipketer asiingie majini. Mwacheni Kapteni apumzike. Bahari ni nyumba yake."

Kilio kikakatika.

"Unasema nini?" Kipketer akauliza.

"Nasema usiingie majini."

Alisimama. Sikuwahi kumwona akiwa na uso ule. Kwa msimu mzima, Australia hadi Tahiti, alikuwa ananitazama kama picha ya ukutani.

"Ulishuka mahindi ukiwa wima. Sisi wote tulikuona. Leo rafiki yako yuko ndani ya maji, samaki wanamkula, na unaniambia nikae? Ati nyumba yake? Mtu wa aina gani wewe?"

"Ni kweli," sauti zikaanza kutoka nyuma. "Anaogopa." "Amemwachia mwenzake samaki." "Huyo alikula kwa Kapteni akashiba, sasa hamjui."

Mzee Bethwel hakupaza sauti. Hakuhitaji.

"Wewe ndiye utaingia wa kwanza," akaniambia. "Kijana yangu atakufuata nyuma, akishika kamba. Ukizama, atakurukia. Vile ninamjua, atakurukia."

Mimi pia nilikuwa nishamjua. Angenirukia, na mlango wake, na tungeshuka wote wawili hadi kwenye matope, yeye akitulia akingoja wimbi limwachilie.

"Mzee..."

"Ngoja. Kuna kitu inanikula roho tangu ile siku ya stoo. Inua mkono. Sema mbele ya hawa watu na mbele ya Mungu, kama huyo Kapteni ulimwona na macho yako."

Kipketer alikuwa ananitazama. Neno moja tu la ukweli lingembakisha Kitale. Lilikuwa fupi, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na nilijua nikilitoa hao watu hawatanibakishia hata vifungo vya shati.

Nikainua mkono wa kulia.

"Nilimwona, mzee. Nimekula kwake. Nimelala kwake. Hakuna siku Mukhisa amewahi kufanyia mtu mwingine kazi yoyote ile isipokuwa ya..."

"Moja kubwa, moto, meza ya dirisha."

Sauti ilitoka nje ya blanketi. Haikuwa yangu. Yangu ilikuwa mtoto wa ile.

Mdomo haukuniuliza.

"Inakuja, mama."

Na ule mkono wa kuapa ukashuka wenyewe, kiganja kikageuka juu, vidole vikatanuka, ukakaa pale begani kama ulivyozoea kukaa chini ya trei.

Blanketi likafunuliwa. Jerono aliingia kwanza, simu mkononi. Nyuma yake akaingia Nabwile wa Kibabii, kitambaa cha kanisani kichwani. Hakuwa na mwiko, lakini mkono wake ulikuwa umekaa kama unao.

"Nilimchezea ile sauti," Jerono akamwambia babake. "Hakungoja hata iishe. Aliniuliza tu gari la Kitale linajaa saa ngapi."

Nabwile alitazama akina mama wenye machozi. Akatazama kamba za ng'ombe, na jogoo aliyefungwa miguu. Mwisho akanifikia mimi, pamoja na ule mkono ambao nilikuwa bado sijaweza kuuteremsha.

"Mara ya mwisho ulimuua mjomba wako," akasema. "Wiki iliyofuata mjomba akakuja kwangu, akakula, akaomba nyongeza ya supu. Saa hii umeua nani, mwana wefwe?"

Ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia, na mimi nilikuwa natazama blanketi, nikipima ni hatua ngapi hadi nje.

Kipketer alipita mbele yangu bila kunitazama. Aliunyanyua mlango wa mamake, akaupeleka hadi penye lile blanketi, akausimamisha, akausukuma kwa bega.

Ukatosha kabisa.